Kunuka na Kunukia, Shimo kwa Shimo

Jumamosi iliyopita ukungu ulikuwa mzito, bendera ya shimo la tatu la uwanja wetu wa gofu sikuiona kabisa. Nilisimama pale kwenye tii, mahali pa kuanzia kupiga, mikono mifukoni, nikavuta pumzi mara mbili. Chai inakaushwa. Nikamwambia dogo aliyenibebea mfuko, "Nipe fimbo namba tano."

Akanishangaa, maana siku zote pale napiga namba saba, isiyofika mbali kama tano. "Mzee, mbona upepo hakuna?"

Nikamwambia upepo upo, ila uko juu ya miti, sisi tumejificha nyuma ya mikaratusi. Kiwanda cha chai kiko ng'ambo ya kilima, mbele yetu. Kama harufu yake imetufikia, basi kuna kitu kimeibeba, na kitu hicho hicho kitaukuta mpira wangu huko juu na kuurudisha. Nikapiga namba tano. Ukungu ulipopanda kidogo tukaukuta mpira umekaa ukingoni mwa grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, upande wa huku. Kwa namba saba ningekuwa bondeni nahangaika na vichaka.

Watu hudhani natania nikisema gofu naicheza kwa pua. Ngoja nieleze pua hii ilisomea wapi.

Nimefanya kazi kiwanda cha chai huku huku Mufindi, mkoani Iringa, miaka 26, na zaidi ya nusu yake nilikuwa sehemu ya kuchachusha, ambayo sisi tuliiita fementi. Jani likitoka shambani linalazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, chini yake kuna feni, linanyauka usiku kucha. Likishanyauka linapita kwenye mashine za kukata, linatoka limesagika, kijani kibichi, kisha linaachwa lipigwe na hewa. Hapo ndipo penye kazi. Saa ipo ukutani, kipimajoto kipo, lakini msimamizi wangu wa kwanza, mzee wa Kihehe asiye na maneno mengi, alinifundisha kuchota kwa kiganja na kuingiza pua. Likinuka majani, liache. Likinukia tufaa, litoe mbio liende kwenye kikaushio. Likianza kunuka siki, usinitafute mimi, nenda mwenyewe kwa meneja. Siku ya joto linaweza kuwa tayari kwa saa moja. Juni na Julai, baridi ya huku ikikaza, unasubiri hadi unasinzia, na ole wako usinzie kweli.

Gofu niliijua kabla ya kiwanda. Tulikuwa watoto wa kambi, Jumamosi tunajipanga karibu na klabu tukisubiri kubeba mifuko ya wageni. Mfuko wa kwanza niliobeba ulinizidi urefu. Sura ya mwenyewe nimeisahau, harufu ya mfuko wake sijaisahau: ngozi iliyolowa, tumbaku ya kiko, na kitu fulani kama kitunguu kilichokatwa jana, ambacho miaka mingi baadaye nilikigundua kwenye mfuko wangu mwenyewe. Ni glavu. Glavu ya gofu ikishalowa jasho, ikafungiwa mfukoni kwa wiki, inakuwa kiumbe hai.

Mwenzangu wa kucheza ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Uwanjani wote tunamwita Mwalimu, naye ananiita Fundi. Tunacheza kwa shilingi elfu mbili, mashimo tisa tu, magoti hayataki zaidi. Mbele ya Mwalimu huwezi kujisemea hovyo. Siku moja dogo alisema, "Leo kiwanda kinanuka chai," Mwalimu akaweka fimbo chini. "Chai imekukosea nini? Chai inanukia. Zinazonuka ni soksi zako." Akaendelea kumweleza, mpira wangu ukisubiri, kwamba irabu moja tu ndiyo inayotenganisha marashi na mzoga, na asiyeijali atakuja kumsifia mchumba wake kwa tusi.

Ni yeye Mwalimu aliyeleta wazo la kuyapa mashimo yetu majina. Alisoma mahali kwamba Augusta, kule Georgia nchini Marekani, uwanja wa mashindano ya Masters, kila shimo lina jina la mmea, kwa sababu ardhi ile kabla ya kuwa uwanja ilikuwa kitalu cha miche. La kwanza linaitwa Tea Olive, mti ambao sifa yake kubwa ni harufu ya maua yake. La kumi linaitwa Camellia. Hapo nikamkatiza. Chai kitaalamu ni Camellia sinensis, jina hilo nilikuwa naliona ukutani kazini kila siku. Basi wao wana shimo moja la Camellia, sisi tuna milima mizima na hatujaringa. Ila tulikubaliana sisi tusitumie mimea. Tutumie pua.

Shimo la kwanza ni Kinyozi, kwa sababu mashine ya kukata nyasi huanzia pale alfajiri, na sisi tukifika saa moja nyasi bado zinavuja. Harufu ile ya majani yaliyokatwa mimi inaniamsha kuliko chai yenyewe. Jani lolote likijeruhiwa, vimeng'enya vyake huyashambulia mafuta yaliyomo kwenye seli na kutoa kemikali nyepesi zinazoruka hewani ndani ya sekunde chache, mojawapo wataalamu huiita heksenali. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikitujaa puani pale jani bichi linapoingia kunyaushwa. Kwa hiyo nikisimama kwenye Kinyozi, umande hadi kwenye soksi, kichwani kwangu kinalia king'ora cha zamu ya saa kumi na mbili. Mpira wa kwanza huwa naupiga kwa haraka, kama mtu aliyechelewa kazini. Mwalimu anajua, huwa ananiomba nihesabu hadi kumi kwanza.

Shimo la pili halina jina. Halina harufu yoyote, na nalicheza vibaya.

La tatu mnalijua sasa, linaitwa Kikaushio. Niongeze tu kwamba harufu inayotufikia pale haiji peke yake. Kikaushio kinapashwa moto kwa tanuri la kuni, na kuni zenyewe ni mikaratusi, kwa hiyo unapata chai kwa mbali, moshi kwa karibu. Chai ikitangulia na moshi ukafuata kwa unyonge, upepo ni wa kawaida. Moshi ukitangulia hadi unakereketa, ongeza fimbo nyingine moja.

La nne ni Nyungu, na hapa sina budi kukaa kidogo.

Upande wote wa kulia ni mikaratusi mirefu. Jua likishaupata mteremko ule, mafuta ya majani yake yanapanda hadi unahisi kifua kinafunguka. Kila Mtanzania aliyekuwepo mwanzoni mwa mwaka 2021 anajua harufu hiyo inampeleka wapi. Wakati ule Korona tukiiita changamoto ya upumuaji. Kila nyumba huku ilikuwa na sufuria lake la nyungu, la kujifukizia: majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, tangawizi, unajifunika blanketi, unatoka umelowa kama umevuka mto. Mwalimu aliugua wiki mbili. Alinisimulia baadaye kwamba siku moja akiwa ndani ya blanketi, mkewe alimuuliza kutoka nje kama yamekolea.

"Nini?"

"Majani."

Yeye alidhani amepewa maji matupu. Akafunua blanketi, akatazama sufuria, majani yamejaa hadi juu. Akachukua jani moja la moto, akalifikicha, akaliweka puani. Hakuna. Akachukua limau, akalikwaruza ganda kwa ukucha. Hakuna. Anasema alikaa pale na blanketi mabegani, mvuke ukimpiga usoni, akahisi kama mtu anayetazama watu wanaongea nyuma ya kioo.

Alipona, akarudi uwanjani, pua haikurudi. Baada ya miezi ikaanza kurudi, lakini imepinda. Kahawa ilimnuka tairi linaloungua. Kitunguu kikikaangwa alitoka nje ya nyumba. Hakuwa peke yake, virusi vile viliwaachia watu wengi duniani pua za namna hiyo, na wataalamu wanasema huenda ni nyuzi za fahamu za puani zinazoota upya na kujiunga kombo. Kwa Mwalimu ilimaanisha kwamba mashimo aliyoyapa majina mwenyewe sasa yalikuwa majina tu. Tukifika kwenye tii aliniuliza, kama kipofu anavyouliza barabara, "Fundi, hapa leo kuna nini?"

Jaribuni siku moja. Utamwelezaje mtu harufu ya mti wa paina bila kusema inanukia paina? Malori ya mbao kutoka upande wa Sao Hill yakipita barabarani, na mbao zenyewe zikiwa zimepasuliwa jana, harufu inatufikia hadi shimo la sita. Nilimwambia: chukua mlango uliopakwa rangi asubuhi, uupitishe karibu na ganda la limau, kisha uweke sukari. Akasema, "Sukari hainukii." Nikamwambia hiyo ndiyo shida yangu, Mwalimu, wewe unataka sarufi.

Mvua ya kwanza ilitugombanisha kabisa. Ile harufu ya udongo mkavu uliopata matone, Novemba au Desemba, kwetu uwanjani ina kazi. Ukiinusa kabla hujaona tone, mvua tayari inanyesha mahali upepo unapotoka, na una dakika chache za kukimbilia bandani. Nilisoma kwamba mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina, petrikori. Sehemu yake mojawapo ni kemikali inayoitwa jeosimini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kidogo mno, chembe chache kati ya trilioni. Mwalimu petrikori hakuitaka. "Tunaazima ya nini? Sema mnuko wa mvua." Nikamuuliza, kwa adabu, kama mnuko ni wa kitu kizuri au kibaya. Akanyamaza shimo zima. Siku hiyo nilimpiga vizuri.

Sasa yale mabaya. Nisije nikaonekana nauza uwanja.

Shimo la saba ni Kicheche, na halikupewa jina kwa mzaha. Ilikuwa mwezi Mei mwaka jana, ukungu, sisi ndio wa kwanza kuingia uwanjani. Mpira wangu ulikwenda kwenye nyasi ndefu karibu na kalavati. Dogo akainama kuchungulia, mfuko wangu begani. Nikaona kitu cheusi, kidogo kuliko paka, mistari myeupe kutoka kichwani hadi mkiani, nywele zimesimama kama brashi ya chupa. Kilituangalia kwanza. Halafu taratibu, bila papara, kikageuka kikatupa mgongo na kuinua mkia. Nikasema, "Dogo, rudi!" Amechelewa. Iliingia kwenye mkanda wa mfuko, kwenye buti lake la mpira la kushoto, na nadhani kwenye roho zetu. Kitunguu saumu kilichooza, mpira unaoungua, na juu yake kitu kitamu cha kutapisha. Dogo alitapika. Mimi nilikohoa hadi machozi. Mwalimu alisimama hatua tano kutoka pale, amependeza na kofia yake, akituangalia kwa mshangao: "Kuna nini? Mmeumwa?"

Mjini wanatukanana kwa jina la mnyama huyu. Wanaofanya hivyo hawajawahi kukutana naye.

Nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni kwa mkono ulionyooshwa mbele. "Baba, huo mfuko haulali humu." Tuliusugua kwa majivu na malimao, tukauanika siku nne, ndipo akakubali utundikwe jiko la nje juu ya moshi wa kuni. Ulikaa wiki tatu. Sasa unanukia sangara wa moshi, mpaka siku utakapolowa, hapo kicheche anaamka.

Lakini uvundo mkubwa kuliko wote pale uwanjani niliuleta mimi. Mashindano yalikuwa yanakaribia, wageni wanakuja kutoka Dar es Salaam na Morogoro, grini zimepauka. Nikajitia mtaalamu wa kilimo. Nikashauri samadi ya kuku. Samadi ya kuku ni nzuri ikishaoza miezi kadhaa, ikiwa mbichi inatoa amonia ya kuchoma macho na kuunguza mizizi. Nilikuwa nalijua hilo. Ila banda la shemeji lilikuwa limejaa, anataka kulisafisha, gari lipo, nikaona nimepata bahati. Siku ya mashindano umande ukachanganyika na ile mbolea, jua likatoka. Mgeni mmoja alipiga mpira wake wa mwisho amefunga leso usoni. Mwingine akamuuliza kedi, mbeba mifuko wake, kwa sauti kama wenyeji tunacheza gofu au tunafuga. Nami nilikuwa pale pale, natingisha kichwa, nasema hawa watu wa mbolea bwana. Grini zilipata madoa ya njano yaliyokaa hadi mvua za masika.

Harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, mimi siihesabu upande wowote. Kuanzia Januari, mianzi ikianza kugemwa, kuna kedi mmoja mtu mzima ambaye hupitia shambani kwake kwanza kuangalia mbeta zake, vile vyombo vya mianzi vya kukingia ulanzi. Akija na mtogwa, ule mtamu wa leo, ananukia kama mua uliokamuliwa. Akija na mkangafu, uliochachuka, unamjua kabla hajafika kwenye kona. Kamwene, kamwene, anasalimia, na hewa yote inageuka chachu. Kedi aliyeonja mkangafu hupoteza hesabu ya mipigo, na daima huipoteza kwa faida yako. Sijawahi kumlalamikia.

Turudi Jumamosi.

Baada ya shimo la nne tulikuwa sawa kwa sawa. La tano ni Yai Viza. Grini yake imepakana na kidimbwi cha matete ambacho maji yake hayaendi popote. Chini kwenye tope hakuna hewa, na bakteria wanaoishi bila hewa hutoa ile gesi ya yai bovu, hasa pale ukungu unapoondoka na jua kuanza kulipasha tope. Kwa kawaida pale mimi hubana pumzi, hupiga haraka na kuondoka. Wengi wetu tunakosa mipira mifupi pale, na si kwa sababu ya mteremko.

Mpira wangu ulikuwa hatua moja kutoka shimoni, wa Mwalimu hatua mbili. Zamu yake. Aliinama, akapima, akasimama juu ya mpira. Akarudisha fimbo nyuma kidogo, kisha akaisimamisha. Akainua kichwa.

"Fundi."

"Naam."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mwalimu."

Akavuta pumzi. Akavuta tena, fupi fupi, kama mbwa anayeshuku. Aliiacha fimbo pale pale juu ya grini, jambo ambalo kedi akilifanya anamfokea, akatembea hadi ukingoni mwa kidimbwi. Kiatu kimoja kikazama topeni, hakukitazama. Alisimama mikono kiunoni kama mtu aliyefika baharini kwa mara ya kwanza. Dogo alikuwa amevuta sweta hadi kwenye macho.

"Hebu njoo," akaniita. Nikaenda. Ilikuwa mbaya, jamani, ilikuwa mbaya hata kwa Yai Viza. Nyama ya ulimi ilihisi.

"Yai," akasema. "Yai kabisa. Na chini yake kama... kiberiti?"

"Kiberiti," nikasema.

Akafumba macho. "Pananukia," akasema.

Dogo akashusha sweta, akafungua mdomo amsahihishe. Nikamkanyaga mguu.

Tulikaa pale hadi waliokuwa nyuma yetu wakaanza kupiga miluzi. Mwalimu akarudi, akaokota fimbo, akapiga bila kupima, mpira ukalipita shimo hatua nzima na kwenda zaidi. Mimi nikauweka wangu. Tukiwa kwenye tii ya sita alikuwa bado anageuka nyuma, na kila akipiga hatua kile kiatu chake cha kulia kinasema chwa, chwa, kinanuka.